Masizi ya EGR: Kwa Nini Valvu Iliyosafishwa Huchafuka Tena

Katika kipindi kisichotimia mwaka mmoja, valvu ya EGR ya pikapu yangu ya dizeli ilifunguliwa na kusafishwa mara mbili hapa Mbeya, na mara zote mbili ugonjwa ukarudi ule ule: injini ilitetemeka kwenye sailensi (inapounguruma bila kukanyagwa mafuta), moshi mweusi ukatoka kila nilipopanda kutoka Mbalizi kuja Iwambi, na taa ya injini ikawaka kwenye dashibodi. Fundi wa tatu niliyempelekea hakuikimbilia valvu. Aliwasha injini asubuhi moja ya Julai, akaiacha iungurume huku akiendelea na kazi nyingine, kisha akaja kushika hozi ya juu ya rejeta kwa kiganja na kuniuliza, "Mwalimu, thamostati ya gari hili iliondolewa lini?" Nilidhani amesahau nilichomletea. Masizi yako kwenye njia ya hewa, thamostati iko kwenye njia ya maji. Sikuona vinakutana wapi. Makala hii inaeleza vinakokutana, kwa kuwa mtu asiyejua masizi hayo yanatokana na nini anaweza kulipia usafi wa valvu kila baada ya miezi michache na asiambulie kitu.

Herufi hizo tatu, EGR, ni kifupisho cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya kuirudisha gesi ya ekzosi kwenye mzunguko wa injini, na jina hilo linaeleza kazi yote. Sehemu ya moshi unaotoka kwenye silinda haiendi moja kwa moja kwenye bomba la ekzosi, bali hupitishwa kwenye njia ya pembeni, hupozwa katika kipozeo kinachozungukwa na maji ya rejeta iwapo gari linacho, kisha huingizwa katika manifoldi ya hewa, yaani bomba linalogawa hewa kwenye silinda, na kuchanganyika na hewa safi inayovutwa na injini. Valvu ndiyo mlango wa njia hiyo. Katika magari ya zamani mlango huo hufunguliwa kwa vakyumu inayovuta kiwambo cha mpira, na katika magari mapya zaidi hufunguliwa kwa mota ndogo ya umeme inayopokea amri kutoka kwenye kompyuta ya injini.

Mtu wa kawaida huuliza, na ana haki ya kuuliza, kwa nini mhandisi mwenye akili timamu ailishe injini moshi wake wenyewe. Jibu limo katika hewa tunayovuta, ambayo takriban asilimia 78 yake ni naitrojeni na asilimia 21 ni oksijeni. Naitrojeni kwa kawaida ni gesi tulivu, lakini moto wa ndani ya silinda unapopita kiasi cha nyuzi 1,400 za Selsiasi utulivu huo huisha, nayo huungana kwa kasi na oksijeni na kuzaa oksidi za naitrojeni, gesi zinazochoma njia za pumzi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mkemia Arie Haagen-Smit alionyesha kwamba gesi hizo, zikichanganyika na mivuke ya mafuta chini ya jua kali, ndizo zilizokuwa zikitengeneza ukungu mchafu uliowatoa machozi wakazi wa Los Angeles, na ilipofika mwanzo wa miaka ya 1970 magari ya Marekani yalianza kufungwa EGR. Gesi ya ekzosi imekwisha kupoteza sehemu kubwa ya oksijeni yake na imejaa kaboni dioksidi na mvuke wa maji, vitu viwili vinavyonyonya joto jingi. Ikiingizwa tena katika silinda, moto hauwaki kwa ukali ule wa kwanza na oksidi za naitrojeni hupungua. Kifaa hiki basi hakikubuniwa kuongeza nguvu ya gari. Kilibuniwa kupunguza sumu, na gharama yake ni kwamba njia iliyokuwa ya hewa safi peke yake sasa inapitisha na moshi.

Masizi ya dizeli yenyewe ni unga mkavu na mwepesi, ambao ukiupuliza unaruka. Kama yangekuwa peke yake, sehemu kubwa ingepita kwenye valvu, ikaingia silinda na kuungua. Kinachoyagandisha ni oili. Kila injini ina mpira wa kupumulia, unaotoa gesi zinazovuja pembeni mwa ringi za pistoni na kushuka hadi kwenye oili. Gesi hizo, zikiwa zimebeba ukungu wa oili, hurudishwa kwenye njia ya hewa ili zikaungue badala ya kutupwa nje. Turbo nayo, ile feni inayoisukumia injini hewa zaidi, hata ikiwa nzima huachia oili kidogo. Kwa hiyo pale EGR inapoingilia manifoldi, unga mkavu hukutana na ukungu wa oili, na kama pana unyevu na kuta za baridi, mchanganyiko huo huwa uji mweusi unaong'aa kama lami. Joto la siku nyingi huukausha uji huo tabaka juu ya tabaka, mpaka unakuwa mgumu kama ukoko wa ugali uliosahauliwa jikoni, na kama ukoko, hautoki kwa kusuuza.

Katika mchanganyiko huo wa masizi, oili na unyevu, mwenye gari hufikiria masizi tu, kwa sababu ndiyo anayoyaona. Unyevu husahaulika kabisa, ingawa ni mwingi kuliko watu wanavyodhani: kila lita ya dizeli inayoungua huzaa takriban lita moja ya maji katika umbo la mvuke. Injini ikiwa na joto lake kamili, mvuke huo hupita ukaenda zake. Injini ikiwa ya baridi, au ya vuguvugu, sehemu ya mvuke hugeuka matone juu ya kuta za kipozeo na valvu, na masizi hupata pa kushika.

Hapo ndipo thamostati inapoingia. Kazi yake ni kuyazuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ifikie joto lake la kazi, ambalo kwa magari mengi huwa kati ya nyuzi 80 na 95. Gari likichemsha, mafundi wengi huiondoa na kuitupa, na maji yakawa yanazunguka kwenye rejeta muda wote. Huko Dar es Salaam, kwenye joto na foleni, mwenye gari anaweza asigundue tofauti. Lakini mji wa Mbeya uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, asubuhi za Juni na Julai hushuka chini ya nyuzi 10, na kule Njombe na Makete umande huganda juu ya majani. Injini isiyo na thamostati katika baridi hiyo hukaa kwenye joto la katikati siku nzima. Kompyuta nyingi huifunga EGR injini ikiwa baridi kabisa, kwa hiyo baridi ya dakika za kwanza si tatizo kubwa. Ubaya uko kwenye ile hali ya vuguvugu isiyokwisha, ambapo kompyuta inaona joto limetosha kuifungua valvu ilhali moto wa silinda bado hauunguzi dizeli vizuri na kuta za njia ya hewa bado zina jasho. Hozi ya juu ya rejeta ya gari langu, baada ya muda wote ule wa kuunguruma, ilikuwa ya vuguvugu. Fundi hakuhitaji kipimo kingine.

Mwinuko wenyewe nao una sehemu yake. Katika kimo cha Mbeya mgandamizo wa hewa ni pungufu kwa takriban asilimia 18 ukilinganisha na pwani, na oksijeni inayoingia silinda hupungua kwa kiasi hicho hicho. Turbo hufidia sehemu ya upungufu huo, na kompyuta za magari mengi ya kisasa, zinazosoma mgandamizo wa hewa, hupunguza dizeli inayonyunyizwa na kuibana EGR kadiri gari linavyopanda. Injini ya zamani yenye pampu isiyoongozwa na kompyuta haina ujanja huo. Hunyunyiza kama iliyoko Dar es Salaam, na dizeli isiyopata oksijeni ya kutosha hugeuka masizi. Hii ndiyo sababu valvu iliyokwama ikiwa wazi, ambayo dereva wa pwani anaweza kuivumilia, hapa kwetu humfanya mtu aone kama gari limekufa anapopanda kutoka Kiwira kuelekea Isyonje: hewa tayari ni nyepesi, na sehemu ya nafasi yake imejazwa moshi.

Watu wengi huamini kwamba milima ndiyo inayochafua valvu. Nadhani ni kinyume. Katika injini nyingi, dereva akikanyaga mafuta kwa nguvu, kompyuta huifunga EGR, kwa sababu wakati huo injini inahitaji kila punje ya oksijeni. Kwenye dizeli valvu hufunguka zaidi kwenye sailensi na kwenye mwendo mwepesi. Lori au pikapu inayopanda Kitonga ikiwa na mzigo haipitishi moshi mwingi kwenye njia ya EGR, na joto la ekzosi kwenye mpando kama ule hukausha na hata kuunguza baadhi ya masizi mapya. Gari linalotoka Soweto kwenda Mwanjelwa, likasubiri dakika 20 huku linaunguruma, likarudi, likazimwa kabla halijapata moto, na kurudia hivyo mara sita kwa siku, ndilo linalojaza manifoldi. Hata hivyo, mwenye gari la mjini asidhani kwamba safari moja ya Iringa itamsafishia valvu. Mpando mrefu hulikausha ganda jipya, lakini ukoko uliokwisha kushika haubanduki kwa mwendo.

Kabla ya kushika spana, mtu ahakikishe kwanza kwamba gari lake lina valvu hiyo. Magari mengi madogo ya petroli ya Toyota yenye mfumo wa VVT-i, yale ya aina ya Vitz na IST yaliyojaa mitaani, hayana valvu ya EGR ya nje. Mfumo huo hupanga muda wa kufunguka kwa valvu za kawaida ili moshi kidogo ubaki ndani ya silinda yenyewe, na hakuna cha kufungua wala kusafisha. Ambaye amewahi kudaiwa pesa ya "kuosha EGR" kwenye gari la namna hiyo anajua sasa la kuuliza. Kwa upande mwingine, Noah zenye injini ya D-4, yaani 1AZ-FSE, zina EGR na zina ugonjwa wa kaboni ulio mkali kuliko injini nyingi za petroli, kwa kuwa petroli yake hunyunyizwa ndani ya silinda moja kwa moja. Katika injini za kawaida petroli hupita kwenye migongo ya valvu za hewa na kuziosha kila mara; katika hizi migongo hiyo haioshwi na kitu, na kaboni hujikusanyia kwa utulivu.

Dalili za valvu iliyokwama wazi na za ile iliyokwama imefungwa hazifanani, ingawa watu huziweka kapu moja. Iliyokwama wazi huleta sailensi mbovu, injini kuzimika gari likisimama kwenye taa nyekundu za barabarani, moshi mweusi na upungufu wa nguvu kwenye mlima. Iliyokwama imefungwa huenda isihisiwe kabisa na dereva wa dizeli, isipokuwa kwa taa ya injini. Kwenye petroli inaweza kuleta mgongo wa injini, ile sauti ya kugonga wakati wa kukanyaga mafuta. Kompyuta ikipimwa, msimbo P0401 maana yake ni kwamba gesi inayopita ni chache kuliko ilivyotarajiwa, na P0402 ni kwamba ni nyingi mno. Msimbo lakini si hukumu. P0401 inaweza kutokana na valvu iliyoganda, njia iliyoziba mbele yake, mpira wa vakyumu uliopasuka, au sensa ya hewa iliyochafuka na kusoma uongo.

Kwa valvu ya vakyumu kuna jaribio moja la zamani ambalo bado halijapata mshindani. Injini ikiwa kwenye sailensi na imepata moto, valvu huvutwa kwa pampu ndogo ya vakyumu ya mkononi. Injini ikitetemeka au kutaka kuzima, njia iko wazi na moshi unafika. Sindano ya pampu ikishuka yenyewe, kiwambo cha mpira kimetoboka, na hakuna dawa ya kusafishia itakayokiponya. Sindano ikikaa na injini isijali chochote, njia imeziba. Kwa valvu ya mota, fundi mwenye mashine ya kupimia anaweza kuiamuru ifunguke na kuangalia mambo mawili: kama nafasi inayosomwa inafuata nafasi iliyoamriwa, na kama kipimo cha hewa safi inayoingia kinashuka valvu inapofunguka, kama kinavyopaswa kushuka. Kazi hii ni ya dakika 10, na mara nyingi huokoa kazi ya siku nzima.

Valvu ikithibitika kuwa chafu, hutolewa injini ikiwa imepoa, waya hasi wa betri ukiwa umefunguliwa, na maji yakiwa yamepunguzwa iwapo valvu au kipozeo kina njia ya maji. Bolti za upande wa ekzosi zimepikwa kwa miaka na hukatika kwa urahisi. Zipuliziwe dawa ya kulegeza kutu mapema, hata usiku wa kuamkia kazi, na zikikataa zipashwe moto badala ya kulazimishwa, maana kutoboa bolti iliyokatikia ndani ya hedi ni kazi ghali kuliko valvu mpya. Tundu linalobaki kwenye manifoldi lizibwe mara moja kwa kitambaa safi kisichochambuka, kwa sababu kibonge kimoja cha kaboni kigumu kikiangukia kwenye silinda kinaweza kukaa katikati ya valvu na siti yake.

Sehemu kubwa ya ukoko hutolewa ikiwa kavu, kabla ya dawa yoyote. Bisibisi na brashi ya waya huacha mikwaruzo kwenye siti, na siti iliyokwaruzwa haizibi tena hata ikiwa safi kama sahani. Mimi hutumia kijiti cha mwanzi kilichochongwa bapa, na hapa Nyanda za Juu Kusini hatuna uhaba wa mianzi, ingawa wenzetu wa Iringa wangependa yote ibaki kwa ajili ya ulanzi. Baada ya hapo hufuata dawa ya kusafishia kabureta au ile ya EGR, ambayo hupuliziwa, huachwa dakika 10 hadi 15 ilainishe, kisha husuguliwa kwa brashi ya nailoni, na zoezi hurudiwa mara tatu au nne. Asiye na subira hapa ndiye anayerudi kwenye bisibisi.

Namna ya kuishika valvu wakati wa kuipulizia ina uzito kuliko dawa yenyewe. Mota au kiwambo kikae juu na mlango uelekee chini, ili majimaji machafu yadondoke na yasipande kwenye shina na kuingia kwenye mota. Valvu yangu ya kwanza ilikufa hivyo: ililazwa kwenye beseni la petroli usiku kucha, ikatoka inang'aa, na mota yake haikuzunguka tena. Petroli haifai hata pasipo hasara hiyo, kwa kuwa hutoa mvuke unaoshika moto hata kwenye baridi kali kuliko yoyote tunayoijua hapa, na gereji haikosi cheche. Mafuta ya taa ni salama zaidi kwa kulowekea sehemu za chuma tupu. Kostiki soda, ambayo watengeneza sabuni wanaijua, huondoa mafuta vizuri sana lakini huila alumini na kutoa gesi ya haidrojeni inayowaka. Kwa kuwa maganda mengi ya valvu hizi ni ya alumini, isikaribishwe kabisa. Shina la valvu ya vakyumu linaweza kusukumwa kwa kidole ili lijulikane kama linateleza, lakini la valvu ya mota lisilazimishwe kwa mkono, maana gia zake ni ndogo na hukatika meno.

Kuhusu masizi yenyewe, mafundi wetu huyapuuza mno. Mwaka 2012 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Kuyapuliza masizi makavu kwa kompresa usoni mwa kijana wa gereji ni jambo baya kuliko linavyoonekana. Barakoa, glavu na miwani havizidi bei ya gasketi.

Valvu ikikauka, ipimwe kama inaziba: hufungwa, kisha mafuta ya taa kidogo humiminwa upande mmoja wa mlango na kuangaliwa kama yanavuja upande wa pili. Gasketi iwe mpya. Ile desturi ya kupaka silikoni juu ya gasketi kuukuu haifai upande wa ekzosi, kwa sababu silikoni ya kawaida huungua, na moshi unaovuja hapo huanza kula chuma. Baada ya kufunga, misimbo ifutwe, na kwa magari yenye mota kompyuta ielekezwe upya nafasi ya kufungwa ya valvu, kwa sababu ilikuwa imezoea kuhesabu ukoko kama sehemu ya mlango. Gari linalotetemeka siku mbili baada ya usafi mzuri mara nyingi limenyimwa hatua hii.

Wapo wanaopenda dawa za kupuliza kwenye njia ya hewa injini ikiwa inaunguruma, bila kufungua chochote. Kwa uchafu mwepesi zinaweza kusaidia kidogo. Kwenye dizeli zina hatari, kwa sababu injini ya dizeli huunguza chochote kinachowaka kilichoingia na hewa. Dawa ikiwa nyingi, injini inaweza kupandisha mizunguko yenyewe na isitii ufunguo. Dawa hizo pia zinaweza kubandua vibonge vikubwa kwa pamoja, na vibonge hivyo havina pa kwenda ila ndani.

Usafi wa valvu peke yake mara nyingi ni nusu ya kazi. Manifoldi ikiwa imejaa, hewa hupita kwenye tundu dogo kuliko lililochorwa na mhandisi, na valvu safi huanza kupokea uchafu wa jirani yake wiki ile ile. Kipozeo nacho kikaguliwe, si kwa masizi tu bali kwa uvujaji: gari linalopunguza maji bila kudondosha tone chini, likatoa moshi mweupe asubuhi, huenda maji yake yanaingia kwenye njia ya EGR. Hapa Mbeya maji matupu yasiyo chini ya mgandamizo huchemka kwenye takriban nyuzi 94, kwa hiyo mfuniko wa rejeta uliolegea na maji ya bomba badala ya kulanti (maji maalumu ya kupozea injini) hukiumiza kipozeo mapema kuliko pwani.

Kuna njia fupi ambayo kila gereji huipendekeza: kuziba EGR kwa kibati, au kuifuta kwenye kompyuta. Nisiwe mnafiki, kibati kweli huzuia masizi kuingia kwenye manifoldi, na dizeli nyingi huendelea kutembea bila malalamiko ya kusikika. Lakini oksidi za naitrojeni hupanda, na wanaozivuta ni watembea kwa miguu na watoto wa shule waliosimama kituoni, ambao hawakuulizwa. Kwenye petroli, ambako muda wa kuwasha cheche ulipangwa kwa kutarajia EGR, kibati kinaweza kuleta mgongo unaoharibu pistoni. Zaidi ya yote, kibati hakitibu kilichozalisha masizi. Nozeli (kinyunyizio cha dizeli) inayochuruzika, chujio la hewa lililojaa vumbi la barabara ya Makete, turbo inayomwaga oili na injini isiyopata moto vitaendelea na kazi yake, na moshi utatokea nyuma badala ya kurudi mbele.

Vyanzo hivyo ndivyo fundi wa tatu alivyovifuata. Alifungua mpira unaotoka kwenye turbo akaangalia ndani: utando mwembamba wa oili ni wa kawaida, dimbwi si la kawaida, na wangu ulikuwa utando. Alipima oili kwenye kijiti, kwa kuwa oili iliyozidishwa huongeza ukungu unaopumuliwa. Akautoa mpira wa kupumulia, akaukuta umebanwa nusu kwa uchafu. Akazipeleka nozeli kupimwa, na moja ikarudi na jibu baya. Mwisho kabisa akaisafisha valvu pamoja na manifoldi, akafunga thamostati mpya, na hozi ya juu ikaanza kukaa ya baridi kwa dakika kadhaa kisha kuwaka moto ghafla, kama inavyotakiwa.

Tuliifungua tena valvu ile baada ya miezi 14, bila taa kuwaka, kwa sababu tu nilitaka kuona. Ndani palikuwa na unga wa kijivu cheusi, mwembamba, usio na mng'ao. Nilipitisha kidole, ukabaki kwenye kidole; fundi akageuza uso pembeni, akaupangusa kwa kitambaa kikavu, akarudisha bolti bila kufungua kopo la dawa, na akanidai pesa ya gasketi tu.